Kamera kwenye Mkanda wa Parachichi: Mwongozo kwa Anayetaka Kugredi kwa Mashine

Mnamo 2016 Makoto Koike alikuwa amerudi kwao Kosai, mkoani Shizuoka nchini Japani, kuwasaidia wazazi wake shamba la matango. Kabla ya hapo alikuwa mhandisi wa mifumo ya kompyuta katika sekta ya magari. Kazi ngumu kuliko zote aliikuta kwenye meza ya kupangia. Familia iligawa matango katika madaraja tisa kwa kutazama urefu, unene, rangi, mikwaruzo, miiba midogo na jinsi tango lilivyopinda. Msimu ulipopamba moto, mama yake alitumia hadi saa nane kwa siku akichambua. Kibarua mgeni alihitaji miezi kadhaa kuizoea kazi hiyo, na matango hayangoji.

Koike akaunda mashine. Kamera iliyounganishwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 ilipiga picha, mtandao mdogo wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ukahakiki kama kilicho mbele yake ni tango kweli, kisha picha ikapelekwa kwa kompyuta yenye nguvu zaidi iliyotaja daraja. Kidhibiti cha Arduino kiliendesha mkanda. Ili kuifundisha, alitumia miezi mitatu hivi kupiga picha 7,000 za matango ambayo mama yake alikuwa ameshayapanga. Ilipopimwa kwa picha, mashine ilipatia zaidi ya mara 95 katika 100. Ilipoanza kazi, ikashuka hadi kama 70.

Pengo hilo kati ya 95 na 70 humsubiri kila mwenye kituo cha kufungashia mazao anayefikiria kuweka kamera juu ya mkanda. Sababu zake zinajulikana, na nyingi huondolewa kabla kompyuta haijawashwa: kwa mizani, kwa taa, na kwa wachambuaji wanaokubaliana tunda la daraja la kwanza ni lipi.

Mfano wa mwongozo huu ni parachichi aina ya Hass, tunda la Njombe, Rungwe, Kilimanjaro na Murang'a. Limechaguliwa kwa sababu madaraja yake yameandikwa kwa tarakimu, na tarakimu ndizo mashine inazozielewa. Mwenye embe, nyanya au viazi atabadilisha vipimo tu. Hatua ni zilezile.

Kazi ya mizani iachiwe mizani

Kosa la kwanza ni kuibebesha kamera kila kitu. Ukubwa wa parachichi katika biashara ya kimataifa hutajwa kwa namba ya matunda yanayoingia katika katoni ya kilo 4. Saizi 16 ni matunda 16, yaani wastani wa gramu 250 kila moja. Saizi 20 ni wastani wa gramu 200. Hicho ni kipimo cha uzito. Kamera inaweza kukisia uzito kutokana na umbo, lakini mizani ya kielektroniki chini ya mkanda huupima moja kwa moja, kwa gharama ndogo na kwa makosa machache.

Ipo pia kazi ambayo kamera ya kawaida haiiwezi hata ikinunuliwa ya bei gani: kujua kama tunda limekomaa. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha parachichi, kilichotolewa mwaka 1995 na kurekebishwa baadaye, kinataka Hass iwe na uzito mkavu usiopungua asilimia 21. Ngozi ya Hass huwa ya kijani wakati wa kuvunwa na huwa nyeusi inapoiva, kwa hiyo tunda changa na tunda lililokomaa huweza kufanana kabisa kwenye picha. Jawabu liko jikoni: gramu 10 za nyama ya tunda hukunwa na kukaushwa kwenye oveni mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 2.1, asilimia 21 imefika, zikibaki 1.8, shamba hilo lilivuna mapema. Viwanda vikubwa hutumia vipimo vya infraredi vinavyosoma ndani ya tunda bila kulikata, lakini hicho ni kifaa kingine chenye bei yake na mafunzo yake.

Kinachobaki kwa kamera ni ngozi na umbo: makovu ya upepo, kuungua kwa jua, michubuko iliyo wazi, matundu ya wadudu, ulemavu wa umbo na kikonyo kilichokatwa vibaya. Hiyo peke yake ni kazi tosha.

Wachambuaji wapatane kwanza

Mashine hujifunza kwa watu. Wachambuaji wasipokubaliana wao kwa wao, itarithi mabishano yao.

Jaribio lake halina gharama kubwa. Maparachichi 300 yanabandikwa namba kwa stika. Wachambuaji watatu wazoefu wanayapanga, kila mmoja peke yake, bila kuonana. Siku ya pili wanarudia, matunda yakiwa yamechanganywa upya. Kisha majibu yanawekwa kwenye jedwali. Mara nyingi daraja la juu kabisa, Extra, na matunda ya kutupa hayana ubishi. Vurugu iko kati ya daraja la kwanza na la pili. Tuseme wazoefu hao wanakubaliana kwa matunda 85 katika kila 100. Basi muuzaji wa mashine anayeahidi usahihi wa 99 aulizwe ni usahihi kwa jicho la nani.

Hapo ndipo kitabu cha kiwango kinapofunguliwa mezani. Codex inaruhusu makovu na alama za jua kwenye daraja la kwanza mradi jumla ya eneo lake isizidi sentimita 4 za mraba. Daraja la pili mwisho ni 6. Sentimita 4 za mraba ni mraba wa 2 kwa 2, karibu na alama ya dole gumba kwenye karatasi ya malipo. Kikonyo kisizidi milimita 10, na kikatwe vizuri. Kikiwa kimetoka chote si dosari, mradi pale kilipokuwa pamekauka na hapajachanika.

Kipande cha plastiki angavu chenye mraba wa sentimita 2 kwa 2 kikiwekwa mbele ya kila mchambuaji, ubishi mwingi huisha siku ileile. Mnunuzi mwenye masharti makali kuliko Codex atengenezewe kipande chake.

Kasha la mwanga

Pesa zikiwa chache, zianzie kwenye taa. Kamera ya bei ya kati chini ya mwanga mzuri hufanya kazi vizuri kuliko kamera ghali iliyowekwa kando ya dirisha. Saa mbili asubuhi jua linaingia upande mmoja, saa kumi jioni linaingia upande mwingine, na modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha, ikiwa ilifundishwa asubuhi inaona kuungua kwa jua mahali palipo na kivuli tu.

Dawa yake ni kasha lililofunikwa pande zote, lenye matundu mawili ya mkanda kuingia na kutoka, na mapazia meusi ya mpira kwenye matundu hayo. Ndani yake zifungwe taa za LED nyuma ya plastiki nyeupe inayotawanya mwanga, ili tunda lisipate doa moja linalong'aa. Parachichi lililotoka kuoshwa likiwa bado na maji hurudisha mwanga kama kioo, na mashine hulisoma doa hilo jeupe kama kovu. Brashi na feni za kukaushia zikae kabla ya kasha, kamwe zisikae baada yake.

Umeme wa gridi wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Taa za bei rahisi zinazochomekwa moja kwa moja ukutani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Picha moja hutoka yenye mwanga, inayofuata hutoka imefifia, au picha ileile inakuwa na mistari ya giza. Taa za kasha ziendeshwe kwa umeme wa DC uliotulia. Kamera nayo ifungiwe mipangilio yake: isijirekebishie mwanga wala rangi yenyewe, maana ikifanya hivyo tunda jeusi litabadilisha rangi ya jirani yake.

Rangi ya mkanda nayo ina maana. Mashine nyingi hutumia mkanda au vibebeo vya bluu kwa sababu matunda na mboga za bluu ni chache, hivyo programu hulitenga tunda na mandhari bila taabu. Hass iliyoanza kuiva juu ya mkanda mweusi hupotea.

Pikseli na kasi

Picha za Koike zilikuwa ndogo: pikseli 80 kwa 80. Zilitosha kuonyesha urefu wa tango, umbo lake na kupinda kwake. Rangi, mikwaruzo na miiba midogo havikuonekana, ingawa mama yake alivitumia kila siku kuamua daraja. Hakuna programu iwezayo kurudisha kilichopotea kwenye picha.

Hesabu ifanywe kuanzia kwenye dosari ndogo inayotafutwa. Ikiwa ni tundu la mdudu la milimita 2, linahitaji angalau pikseli nne kwa upana ili lisichanganywe na vumbi. Hiyo ni nusu milimita kwa kila pikseli. Mkanda wa upana wa milimita 300 utahitaji basi pikseli 600 kwa upana, kiasi ambacho kamera nyingi za viwandani hukipita. Kwa kipimo hicho, kovu la sentimita 4 za mraba lina pikseli 1,600, na mashine inaweza kulipima eneo badala ya kulikisia.

Kasi nayo ihesabiwe. Mkanda ukienda sentimita 20 kwa sekunde, na kamera ikafungua kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, tunda husogea milimita 0.2 tu wakati picha inapigwa. Kamera ikifungua kwa sehemu moja ya mia, linasogea milimita 2, na lile tundu la mdudu linageuka ukungu. Kamera inayosoma picha nzima kwa mkupuo ndiyo inayofaa. Kamera nyingi za simu husoma mstari kwa mstari, hivyo hulipinda tunda linalotembea.

Tunda lina pande zote. Kamera moja juu ya mkanda bapa huona nusu, na kovu baya kuliko yote linaweza kuwa upande wa chini. Vibebeo vyenye roli huzungusha tunda likipita chini ya kamera, nayo hupiga picha kadhaa za tunda hilohilo. Katika kila picha ichukuliwe sehemu ya katikati, maana kovu lililo ukingoni huonekana jembamba kuliko lilivyo.

Kufundisha

Hakuna haja ya kuanza sifuri. Modeli zilizokwisha kufundishwa kwa zaidi ya picha milioni moja za vitu vya kawaida hupatikana bure, na kazi iliyobaki ni kuzizoesha parachichi.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuandika daraja juu ya picha nzima: hili Extra, hili la kwanza. Ni ya haraka, lakini mnunuzi akibadilisha masharti, kila kitu kinarudiwa. Njia ya pili ni kuchora mpaka wa kila dosari na kuitaja: upepo, jua, mchubuko, tundu. Modeli hujifunza kuzitambua dosari na kuzipima; sheria ya sentimita 4 au 6 inakaa pembeni kwenye jedwali la kawaida ambalo msimamizi anaweza kulibadilisha asubuhi kabla ya kazi. Uchoraji unachosha. Ufanywe na wachambuaji wenyewe, na ulipwe kama kazi nyingine.

Kikonyo kipewe jina lake katika michoro hiyo. Kikitazamwa kutoka juu, kitako cha kikonyo ni duara dogo la giza lenye ukingo, yaani sura ileile ya tundu la mdudu. Mashine za tufaha zimesumbuliwa na mkanganyiko huu kwa miaka mingi. Ikiambiwa waziwazi hiki ni kikonyo, modeli hujifunza kukiacha.

Picha zitoke mashamba tofauti, mwanzo wa msimu na mwisho wake, siku za mvua na za kiangazi. Mwaka 2016 watafiti walifundisha modeli kwa hazina ya picha 54,306 za majani za PlantVillage, ikapatia zaidi ya mara 99 katika 100 kwenye picha za hazina hiyohiyo. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka hadi kama 31. Kikundi hichohicho kilitoka maabara kikaenda kutafuta picha mashambani, zikiwamo za mihogo kutoka Tanzania, na baadaye kikatoa programu ya simu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo bila kuhitaji intaneti.

Kwa mwenye kituo, fundisho ni hili: picha za kupimia zitoke shamba au siku ambayo modeli haijawahi kuiona. Na picha sita za parachichi moja zikae upande mmoja, zote kwenye mafunzo au zote kwenye mtihani. Zikigawanywa, mashine inatahiniwa kwa swali ambalo imeshaonyeshwa jibu lake.

Makosa yasomwe kwenye jedwali

Usahihi wa jumla hudanganya. Tuseme katika matunda 500, daraja la kwanza ni 400. Mashine mbovu inayoita kila tunda "la kwanza" itapata asilimia 80 bila kuona chochote. Kwa hiyo kitakiwe kitu kingine: jedwali la madaraja ya kweli upande mmoja na majibu ya mashine upande wa pili. Hapo kila kosa linaonekana lilikotoka na lilikoenda.

Makosa hayagharimu sawa. Tunda zuri likishushwa daraja, mkulima anapoteza shilingi. Tunda baya likipandishwa, katoni inaweza kukataliwa. Codex huruhusu asilimia 10 ya matunda yasiyofikia daraja la kwanza katika kila katoni, na 5 kwa Extra. Katika katoni ya matunda 16, asilimia 10 ni tunda moja na nusu hivi; asilimia 5 haifiki hata tunda moja. Ndiyo maana mashine iwekwe iwe kali kwa Extra, na iruhusiwe kusema haijui. Tunda la mashaka liende mkanda wa pembeni, kwa mchambuaji. Wiki za mwanzo matunda ya mashaka yatakuwa mengi. Picha zake zihifadhiwe, maana ndizo zitakazoifundisha modeli ya mwezi ujao.

Kujenga au kununua

Hesabu ianze na kontena. Njia moja inayopitisha tunda moja kwa sekunde hupitisha 3,600 kwa saa. Kwa wastani wa gramu 250, hiyo ni kilo 900, au katoni 225. Kontena la futi 40 hubeba katoni zaidi ya 5,000, yaani zaidi ya saa 22 za kazi bila kusimama. Kituo kinachojaza kontena moja kwa wiki kinaweza kuishi na mashine ya kujijengea. Kinachojaza kila siku kinahitaji mashine yenye njia nyingi, kama zile za GREEFA ya Uholanzi au MAF Roda ya Ufaransa, zinazopitisha matunda kadhaa kwa sekunde katika kila njia.

Wenye mpunga na kahawa wana njia rahisi zaidi. Kwao mashine za kuchambua kwa rangi ni za siku nyingi: punje huporomoka mbele ya kamera na pumzi ya hewa huisukuma nje iliyo nyeusi. Parachichi haliwezi kupulizwa hivyo. Likidondoka au likigongwa na mkono wa chuma, mchubuko hauonekani leo. Huonekana siku likikatwa mezani kwa mnunuzi. Vibebeo viliinamishe taratibu, na chini yake pawe na sponji.

Anayenunua aende kwa muuzaji na kreti za matunda yake mwenyewe, yakiwamo mabaya, na atake jedwali la makosa kutokana na matunda hayo. Aulize mambo matatu: picha zikikusanywa ni mali ya nani, sheria za madaraja zinabadilishwa na nani, na umeme ukikatika mkanda ukiwa umejaa kinatokea nini. Kompyuta iwe na betri ya akiba, na modeli ifanye kazi palepale bila kutegemea intaneti.

Mizani inayotumika kumlipa mkulima ni jambo la sheria. Tanzania Bara, Wakala wa Vipimo ndio unaoihakiki na kuipiga muhuri. Kamera haibadilishi hilo.

Mkulima naye apate faida ya picha. Kila kreti ikisajiliwa kwa jina la shamba, chama cha ushirika kinaweza kumwonyesha mwanachama kwamba nusu ya matunda yake yaliyoshushwa yana makovu ya upepo, na bwana shamba akazungumza naye habari za kupanda miti ya kukinga upepo. Mkulima akibisha daraja, afunguliwe picha ya tunda lake.

Saa nne asubuhi

Mwezi wa kwanza mashine iendeshwe sambamba na wachambuaji, na malipo yafuate daraja la mtu. Baada ya hapo kibaki kipimo kimoja cha kila siku. Saa nne asubuhi, na tena saa nane mchana, mchambuaji mzoefu anachukua katoni mbili za daraja la kwanza zilizofungwa na mashine, anazimwaga juu ya meza na kuzipanga upya kwa kipande chake cha plastiki. Anaandika kwenye daftari matunda mangapi yasingepita. Yakiwa zaidi ya moja kwa katoni, mkanda unasimama. Kwanza anapangusa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu vumbi la kreti hukaa hapo. Kisha anaweka kadi nyeupe ndani ya kasha na kulinganisha picha yake na ya jana, kuona kama kuna taa iliyofifia. Vyote viwili vikiwa salama, ndipo anapompigia simu mtu wa kompyuta.